Shamba la Nani? Barua za Dkt. Josiah Bartlett na Mkewe Mary, 1775–1778

Dkt. Josiah Bartlett, tabibu wa Kingston, New Hampshire, alikuwa mjumbe katika Kongresi ya Bara huko Philadelphia, na mwaka 1776 alitia saini Azimio la Uhuru wa makoloni 13 kutoka Uingereza. Barua zake zilipeleka nyumbani habari za siasa. Za mkewe, Mary, zilimletea habari za mavuno, hali ya hewa na afya ya watoto. Mwaka 1776 Mary aliitaja kazi ya shamba kuwa ya mumewe. Kufikia 1778 aliitaja kuwa yao wote wawili. Badiliko hilo la kimilikishi ni ushahidi wa kihistoria. Wanaume walipokuwa wakipinga mamlaka ya mfalme, mamlaka ndani ya kaya nayo yalikuwa yakihama, ingawa sheria iliendelea kuyaweka mikononi mwa mume.