Unainua gari kwa jeki nyumbani? Zingatia haya usije ukaharibu bodi ya chini

Tairi limepata pancha ukiwa nyumbani, au unataka kukagua breki mwenyewe. Unaingiza jeki chini ya gari popote inapoenea, unaanza kupandisha. Mara unasikia bati linalia "krak!" Hasara imeshaanza.

Magari mengi madogo, kama Toyota Vitz, IST na Premio, hayana chasisi inayojitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito, na sehemu kubwa ya chini ni bati jembamba. Ndiyo maana mtengenezaji ametenga sehemu maalumu za kuweka jeki.

Sehemu hizo ziko wapi?

Kwa kawaida ni nne: nyuma kidogo ya kila tairi la mbele, na mbele kidogo ya kila tairi la nyuma. Inama uangalie ukingo wa bati unaopita chini ya milango. Kwenye magari mengi utaona vipengo viwili vidogo. Jeki inakaa katikati yake.

Gari limetoka Japani na kitabu chake ni cha Kijapani? Usijali, tafuta ukurasa wenye mchoro wa jeki. Kwa pikapu zenye chasisi, kama Hilux, jeki huwekwa kwenye chasisi au ekseli, kadiri kitabu kinavyoelekeza.

Usiweke jeki hapa

- Sampo ya oili. Ikipasuka, oili inamwagika, na ukiwasha gari hivyo hivyo unaua injini.
- Giaboksi, ekzosi, tangi la mafuta na mabomba ya breki.
- Sakafu ya gari na plastiki za pembeni.
- Betri ya gari la umeme, kama Nissan Leaf. Iko chini ya sakafu.

Tumia raba

Jeki ndogo inayokuja na gari mara nyingi ina mfereji kichwani wa kupokea ule ukingo. Jeki kubwa ya magurudumu kichwa chake ni chuma kitupu: kinapinda ukingo na kubandua rangi. Weka juu yake raba nene yenye mfereji katikati, ili uzito usiangukie ncha ya ukingo.

Ukishateremsha gari, kagua. Rangi ikibanduka, safisha, paka dawa ya kuzuia kutu, kisha rangi. Wakazi wa Pwani msichelewe, maana hewa ya chumvi huharakisha kutu.

Usalama kwanza

1. Egesha sehemu tambarare na ngumu. Kwenye mchanga jeki huzama.
2. Vuta handbreki, weka gia ya kwanza, au P kwa gari la otomatiki.
3. Zuia kwa kabari matairi ya upande usioinuliwa.
4. Kama unabadili tairi, legeza nati kidogo kabla tairi halijaacha ardhi.
5. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki pekee. Weka stendi za chuma kwenye sehemu imara. Usitumie matofali wala bloku za saruji, kwani hupasuka ghafla bila dalili.

Huna stendi? Basi kazi ya chini ya gari mwachie fundi. Bati likipinda linanyooshwa, lakini uhai hauna spea.