Bagamoyo, mwisho wa njia ya Maniema

Huku kwetu mtoto akiuliza Kiswahili kilitoka wapi, tunamjibu: kilitoka pwani. Ni kweli, lakini jibu ni fupi mno. Pwani iko na miji yenye nyumba na makaburi. Mmoja wao ni Bagamoyo, inchini Tanzania, karibu kilometa 70 kaskazini ya Dar es Salaam.

Katika karne ya 19 Bagamoyo ulikuwa mlango wa misafara. Wafanyabiashara walitoka Zanzibar, wakachukua wapagazi, wakapita Tabora mpaka Ujiji, wakavuka ziwa Tanganyika na kuingia Maniema. Nyangwe na Kasongo zikakuwa vituo vyao vikubwa. Tippo Tip, mzaliwa wa Zanzibar, alikaa Kasongo. Walitafuta pembe za tembo na watumwa. Walituachia mpunga, Uislamu na Kiswahili.

Familia yenye kufika Dar es Salaam juu ya biashara ao matunzo inaweza kuona mambo haya kwa siku mbili. Siye tulifanya hivyo na watoto: tulipanda basi jumamosi asubuhi, tukarudi jumapili jioni.

Siku ya kwanza tuliona Kaole, kilometa 5 hivi kusini ya mji. Iko msikiti wa mawe wa tangu karne ya 13, na makaburi yenye nguzo. Njo hapo watoto walielewa kama pwani ilikuwa na miji mbele Wazungu hawajafika.

Siku ya pili tulienda kwenye misioni ya mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanza mwaka 1868. Mapadri walikomboa watumwa, wakawajengea kijiji. Mwaka 1874 maiti ya Livingstone ililala pale usiku mmoja. Chuma, Susi na wenzao walikuwa wameibeba toka inchi inayoitwa leo Zambia. Livingstone huyo aliona kwa macho yake mauaji ya soko la Nyangwe, mwaka 1871. Basi historia ya Bagamoyo na ya Nyangwe ni moja.

Jina lenyewe lina maelezo mawili. Wengine wanasema ni "bwaga moyo": mpagazi amefika, atue mzigo, moyo upumzike. Wengine wanasema ni mtumwa anayeacha moyo wake nchi kavu mbele ya kupandishwa chombo.

Mtoto wetu mkubwa akauliza: "Baba, wazee wetu walikuwa upande gani?" Swali zito. Wazee wengine wa Maniema walifungwa minyororo. Wengine walikamata bunduki, wakafuata wafanyabiashara, wakaitwa wangwana; kwa sababu hiyo Kiswahili chetu kiliitwa Kingwana. Ndani ya ukoo mmoja unaweza kupata pande zote mbili. Nilimjibu hivyo, bila kuficha kitu.

Vita ya 1892–1894 ilimaliza utawala wa wafanyabiashara wale, na Leopold II akaleta mateso yake mwenyewe. Lugha ikabaki. Tusiione haya, lakini tusifundishe watoto kama ilikuja bila machozi. Mzazi asiye na nauli ya Bagamoyo aanze na wazee wa kwake: awaulize ukoo ulikaa wapi mbele ya misafara, nani alichukuliwa, nani alirudi. Aandike majibu, sababu wenye kujua wanapungua kila mwaka.