Wazee wa Zamani na Watoto wa Zamani

Ndugu msomaji, mara ngapi umewasikia watu barazani wakisema kwamba wazee wa zamani waliishi miaka mia na zaidi, na sisi twafa mapema? Na mara ngapi umesoma kwamba watu wa zamani waliishi miaka 35 tu? Kauli hizi zapingana, na zote mbili zapotosha.

Hebu tuutazame mji wa London katika karne ya 17. Mwaka 1635 alizikwa katika kanisa la Westminster mzee Thomas Parr, aliyedaiwa kuwa na miaka 152. Ushahidi wa umri huo haukuwapo, lakini watu walisadiki. Ajabu siku zote hupata wasikilizaji upesi kuliko hesabu.

Hesabu ililetwa mwaka 1662 na mfanyabiashara wa nguo, John Graunt. Yeye alizichungua orodha za vifo zilizotolewa mjini kila wiki, nazo zilitaja maradhi yaliyoua bila kutaja umri wa marehemu. Kwa kuyatazama maradhi akakisia umri: katika watoto 100, 36 hufa kabla ya kutimiza miaka 6. Wanaofika miaka 16 ni 40. Miaka 56 ni 6. Na miaka 76 ni mmoja tu. Ni makisio, lakini yatufahamisha kwamba wazee walikuwapo, ila wenzao wengi walizikwa wangali wadogo. Mmoja akifa na mwaka 1, mwingine na miaka 71, wastani wao ni 36, wala hapana aliyekufa na miaka 36.

Basi wastani ulipandishwa na nini? Kwanza kabisa na maji safi, mifereji ya maji machafu na chanjo. Ndui, ambayo Edward Jenner aliianzia chanjo mwaka 1796, ilimpata mgonjwa wake wa mwisho wa maambukizo ya kawaida mjini Merca, Somalia, mwaka 1977.

Wazee nao wameongezewa miaka, lakini si mingi kama hiyo. Bi Jeanne Calment wa Ufaransa alifariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122, na mpaka leo hapana aliyethibitishwa kumpita. Kwa watoto kazi ingalipo: mwaka 2022 walikufa duniani watoto kama milioni 4.9 wasiotimiza miaka mitano, wengi wao kwa maradhi ambayo kinga au dawa yake yajulikana.