Brotherhood of the Wolf: Muvi ya Wafaransa yenye Kung Fu, Mnyama na Siri za Wakubwa, na Venye Msee wa Garissa Ataielewa Haraka

Kama umezoea muvi za kupigana za Hong Kong, na pia zile za kutisha za mnyama anayekula watu usiku, kuna moja Wafaransa walipika zote kwa sufuria moja. Jina lake la nyumbani ni Le Pacte des loups, lakini wengi wanaijua kwa jina la Kiingereza, Brotherhood of the Wolf. Ilitoka Januari 2001 na mpaka leo watu bado wanabishana: hii ni muvi ya mateke, ya upelelezi, ya mapenzi, ya siasa ama ya jini? Zote zimo.

Ukiwa umelelewa Garissa, Wajir ama Mandera, kuna kitu kingine utanotisi. Chini ya mateke na nguo kali, hii ni stori ya watoto wa kuchunga mifugo wanaoliwa na mnyama, halafu wakubwa wa mji mkuu wanatangaza mambo yameisha wakati kijijini bado wanachimba makaburi.

KWA UFUPI

Jina: Le Pacte des loups (Brotherhood of the Wolf)
Nchi: Ufaransa
Mwaka: 2001
Dairekta: Christophe Gans, ambaye baadaye alitengeneza Silent Hill (2006)
Mastaa: Samuel Le Bihan, Mark Dacascos, Vincent Cassel, Monica Bellucci, Émilie Dequenne
Urefu: karibu saa mbili na dakika ishirini
Doo: ilitengenezwa kwa takriban dola milioni 29, ikarudisha kama dola milioni 70 dunia nzima. Ufaransa pekee iliuza tiketi zaidi ya milioni 5.
Tuzo: César ya mavazi bora, 2002

STORI IKO HIVI

Ni miaka ya 1760, Ufaransa bado iko chini ya mfalme Louis wa 15. Kule Gévaudan, mkoa wa milima na baridi mbali na Paris, kuna mnyama anaua watu. Mfalme anatuma msomi wa mambo ya wanyama, Grégoire de Fronsac (Le Bihan), aende achunguze. Fronsac anakuja na ndugu yake wa kiapo, Mani, Mhindi Mwekundu wa kabila la Iroquois waliyejuana vitani Marekani. Mani ni Mark Dacascos, na kama umecheki John Wick 3 unamjua: ndiye Zero, yule wa sushi na visu.

Wanafika mvua ikinyesha, kofia kubwa, makoti marefu, uso huoni. Wanapata askari wanapiga mzee na msichana wake. Mani anashuka kwa farasi polepole, haongei kitu, halafu inakuwa ngori. Hapo hata dakika kumi na tano hazijaisha na ushajua hii si muvi ya kawaida ya wafalme na mawigi.

Kuanzia hapo kuna misako mikubwa ya msituni, familia tajiri yenye siri, mrembo anaitwa Marianne (Dequenne), kaka yake Jean-François (Cassel) anayesema mkono wake mmoja uliliwa na simba Afrika, na Sylvia (Bellucci), mwanamke wa danguro anayejua mambo mengi kuliko mteja yeyote anayeingia pale.

KWA NINI INAKAA MUVI TANO

Gans alikulia kwa muvi za Hong Kong na hajifichi. Mapigano yalipangwa na Philip Kwok, yule jamaa wa jicho moja kwa Hard Boiled ya John Woo. Aliyekata na kuunga picha ni David Wu, naye pia wa kazi za Woo. Ndiyo maana mateke yanapungua spidi ghafla, tone la maji linaonekana likiruka, halafu mtu anapaa. Mnyama mwenyewe alitengenezwa na Jim Henson's Creature Shop, kampuni ya familia moja na waliotuletea The Muppets, akaongezewa kompyuta. Kompyuta ya 2001 imezeeka, tusidanganyane. Kuna sehemu anakimbia unaona kabisa ni katuni. Lakini venye Gans anamficha, nusu saa nzima unaona tu nyasi ikitingika na msichana akivutwa, hapo bado ni noma.

MNYAMA ALIKUWA NANI? (Kama hujacheki, ruka hii sehemu)

Kwanza, afisa wa mfalme anapiga mbwa mwitu mmoja mkubwa risasi. Fronsac anaangalia meno, anaona hayafanani na majeraha. Anaambiwa anyamaze. Analazimishwa kumrekebisha huyo mbwa mwitu maiti, amjaze, amfanye aonekane jitu, ndio apelekwe Paris aonyeshwe watu. Mfalme anapongezwa. Gévaudan wanaendelea kuliwa.

Ukweli unatoka baadaye. Mnyama aliletwa mdogo kutoka Afrika na Jean-François, akateswa, akafunzwa kuua na akavishwa ngao ya chuma yenye miiba. Mkono uliopotea? Upo, alikuwa ameufunga ndani ya nguo. Nyuma yake kuna kundi la siri linaloongozwa na padri, linataka watu waogope mpaka waone mfalme hana nguvu tena ya kuwalinda. Mani anauawa akifuatilia hii kitu, na hapo Fronsac anaacha usomi anaenda kulipiza.

ILITOKEA KWELI?

Fronsac na Mani ni wa kubuni. Mnyama wa Gévaudan si wa kubuni. Kati ya 1764 na 1767 karibu watu 100 waliuawa, na wengi walikuwa wanawake na watoto waliokuwa nje na mifugo. Wa kwanza kuandikwa rasmi ni Jeanne Boulet, msichana wa miaka 14, Juni 1764. Januari 1765 kijana Jacques Portefaix na wenzake sita, wote watoto wachungaji, walisimama pamoja na fimbo walizofunga visu mbele na wakamfukuza mnyama. Mfalme aliwapa pesa, na Portefaix akalipiwa shule.

Septemba 1765, mtu wa mfalme, François Antoine, aliua mbwa mwitu mkubwa. Ikatangazwa kwisha. Desemba mauaji yakaanza tena, na safari hii Paris haikutaka kusikia. Ilichukua mpaka Juni 1767, mwenyeji anaitwa Jean Chastel alipopiga mnyama mwingine, ndio yakaisha. Kwa hivyo ile sehemu ya kudanganya Paris, muvi haikuitoa kwa hewa.

HUKU KWETU

Hapa ndipo msee wa Garissa anakaa wima. Hii stori ya mnyama ambaye ndani kuna mtu, nyanya zetu walikuwa nayo kitambo. Kwa Wasomali anaitwa Qori Ismaris, mtu anayejisugua na kijiti usiku ukiingia anageuka fisi, asubuhi anarudi kuwa jirani yako. Ni somo lile lile la Gans: ukisikia waraabe usiku, ogopa, lakini pia uliza nani hakulala kwake.

Na kuhusu wakubwa wa mbali, si huku mtu akipanda basi kwenda Nairobi bado anasema "naenda Kenya"? Msee anayeongea hivyo ataelewa Gévaudan bila kusoma maandishi ya chini.

Kenya pia ina mnyama wake wa muvi. Mwaka wa 1898, ng'ambo ya Mto Tana ukishuka kusini, simba wawili madume wasio na manyoya ya shingo walisimamisha ujenzi wa reli pale Tsavo. Muingereza John Henry Patterson aliwaua wote Desemba. Hollywood ikatengeneza The Ghost and the Darkness (1996), Val Kilmer akiwa Patterson, na Michael Douglas akiwa mwindaji ambaye hajawahi kuwepo. Walishuti Afrika Kusini na simba wao wana manyoya. Simba wa ukweli walikuwa mazulia ya Patterson mpaka 1924 alipowauzia Field Museum ya Chicago kwa dola 5,000, na wako huko mpaka leo.

Sasa cheki hesabu. Patterson baadaye alisema waliokufa ni 135. Wanasayansi waliopima mifupa na nywele za hao simba, kwenye utafiti uliotoka 2009, walikadiria kama 35. Lakini kitabu cha Patterson mwenyewe cha 1907 kina kitu kizito kuliko hizo namba: vibarua Wahindi waliouawa aliwahesabu, 28, halafu akasema Waafrika walikuwa wengi ila hakuna aliyeweka rekodi yao. Mhindi alikuwa kwa daftari la mshahara. Mwafrika wa kijiji cha karibu hakuwa kwa daftari lolote.

Hiyo si mambo ya zamani tu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inasema familia ya mtu aliyeuawa na mnyama kama simba ama fisi inastahili fidia ya shilingi milioni 5. Lakini dai linaanza na ripoti. Mtoto akishambuliwa malishoni, kilomita nyingi kutoka barabara, na asiandikwe na mtu, kwa serikali hiyo siku haikutokea. Kwa hivyo kama ni kwenu, ripoti KWS na polisi mapema, na uweke karatasi za hospitali.

UICHEKI AMA UACHE?

Icheki, lakini si sebuleni na wazazi. Kuna damu, kuna uchi, kuna danguro. Tafuta ile ya Kifaransa yenye maandishi chini, sauti za Kiingereza zinaharibu. Ilisafishwa upya ikawa 4K na ikaonyeshwa Cannes 2022, hiyo ndiyo safi zaidi. Émilie Dequenne, aliyecheza Marianne, alifariki Machi 2025 baada ya kuugua saratani, na hapa alikuwa na miaka kumi na tisa hivi tu.

Ukimaliza, piga simu kwa ayeeyo umuulize stori ya Qori Ismaris. Halafu tuambie: kati ya Wafaransa na nyanya yako, nani anatisha zaidi?