Kutoka mizani ya Bradford hadi sufuria ya Kivu: jinsi chakula cha shule kilivyoanza kuandikwa

Sufuria ya shule ikijaa, wengi hudhani kazi imekwisha. Watoto wamekula, wameshiba, wamerudi darasani. Lakini kwa familia nyingi zilizokimbia vita katika Kivu na Ituri, pale shule inapopika, mlo wa shule ndio wa uhakika kuliko yote mtoto anayopata kwa siku. Ukipunguzwa bila mtu kujua, nyumbani hakuna cha kufidia. Kwa hiyo ni swali zito kuuliza nini kiliingia katika sahani, kwa kiasi gani, na nani aliandika. Swali hilo lina zaidi ya miaka 100, na lilianza kujibiwa kwa mizani na daftari.

Mwaka 1906 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoruhusu miji kulisha watoto wa shule wenye njaa. Mwaka uliofuata, mji wa viwanda wa Bradford ulitaka kujua kama chakula hicho kinasaidia kweli. Daktari wa shule, Ralph Crowley, alifuata watoto 40 wa familia maskini waliopewa uji asubuhi na chakula cha mchana siku za masomo. Walipimwa uzito mara kwa mara, na kando yao kikapimwa kikundi cha watoto ambao hawakulishwa. Baada ya miezi mitatu hivi, waliolishwa walikuwa wameongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo moja. Wenzao waliongezeka kama nusu ya hapo. Wakati wa mapumziko ya Pentekoste, jiko lilipofungwa, uzito wa watoto hao ukashuka. Kabla ya hapo watu walibishana kwa maneno. Sasa daftari lilionyesha kwamba sahani ya shule inaonekana katika mwili wa mtoto, na ikikosekana inaonekana pia.

Bradford ilihesabu watoto. Afrika ilifundisha jambo la pili: kuhesabu kilicho ndani ya chakula chenyewe.

Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Gold Coast, yaani Ghana ya leo, aliandika juu ya watoto waliovimba miguu, nywele zikageuka rangi, ngozi ikachubuka. Miaka miwili baadaye akauita ugonjwa huo kwa jina alilosikia kwa akina mama wa huko: kwashiorkor. Kivu waliujua kwa jina lao, bwaki. Mwaka 1950 wataalamu wawili waliotumwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa, John Brock na Marcel Autret, walizunguka nchi kadhaa za Afrika, Congo ya Wabelgiji ikiwemo. Ripoti yao ya mwaka 1952 ilionyesha kwamba ugonjwa uliwashika hasa watoto wanaolishwa mihogo, ndizi au mahindi karibu peke yake. Katika miaka hiyo, kituo cha utafiti cha Lwiro, katika Kabare, si mbali na Katana, nacho kilichunguza bwaki, na hospitali ya watoto ya Lwiro inaendelea kupokea watoto wenye utapiamlo hadi leo.

Mtoto wa bwaki anaweza kuwa ameshiba, naye anaugua. Tumbo lina bugali, lakini mwili hauna protini ya kujengea nyama na damu. Mwaka 1968 Shirika la Chakula na Kilimo, FAO, likishirikiana na Marekani, lilitoa kitabu cha hesabu za vyakula vya Afrika. Kwa kila gramu 100 kilionyesha nguvu, protini na vitamini zilizomo. Hesabu za namna hiyo ndizo zinazomwezesha mpishi au mwalimu kuona kisichoonekana kwa macho.

Mfano ni huu. Gramu 150 za unga wa mahindi zina protini kama gramu 12. Uzito uleule wa unga wa mihogo una kama gramu 2 tu. Bugali ni kubwa vilevile, na nguvu, ambazo huhesabiwa kwa kalori, karibu zilingane. Mtoto atasema ameshiba. Lakini kama shule imebadili unga bila kuongeza maharagi, sambaza au karanga, karibu protini yote ya unga imepotea. Anayeandika “watoto walikula bugali” hajaandika jambo hilo. Anayeandika aina ya unga na kilo zake ameliandika.

Marekani ilikutana na shida nyingine: karatasi inayodanganya. Tarehe 4 Juni 1946 Rais Harry Truman alitia sahihi sheria ya chakula cha mchana shuleni. Shule iliyotaka msaada wa serikali ilipaswa kufuata sahani iliyotajwa: maziwa, nyama au samaki au yai au maharagi kwa kipimo, mboga na matunda, mkate na siagi. Kwa chakula kilichopikwa palepale, hesabu ilikuwa rahisi. Lakini viwanda vilianza kuuza vyakula vilivyokwisha tayarishwa, na nyama ikachanganywa na unga na soya. Nani angejua nyama ni kiasi gani? Mwaka 1984 wizara ya kilimo ikaanzisha alama maalumu. Kiwanda huleta hesabu ya mchanganyiko wake, wizara huikagua, kisha kwenye katoni huandikwa kipande kimoja kinahesabiwa kuwa nyama kiasi gani.

Hata hivyo kanuni yenyewe inaweza kupindwa. Mwaka 1981, serikali ilipotaka kupunguza gharama, ilipendekeza kanuni ambazo zingeruhusu vitu kama mchuzi wa nyanya wa chupa kuhesabiwa kuwa mboga. Wananchi walicheka, kisha wakakasirika, na pendekezo likaondolewa. Hawakuhitaji kuwa wataalamu. Ilitosha kwamba kanuni ilikuwa imeandikwa wazi mahali ambapo kila mtu angeweza kuisoma.

Uhindi ilikwenda mbele zaidi. Mwaka 2001, watetezi wa haki walishitaki mahakamani kwamba maghala ya serikali yamejaa nafaka huku watu wanakufa njaa. Tarehe 28 Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya nchi iliamuru kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali au inayosaidiwa na serikali apewe chakula kilichopikwa, chenye angalau kalori 300 na protini gramu 8 hadi 12, kwa siku zisizopungua 200 kwa mwaka. Hapo namba iligeuka kuwa haki. Mzazi asiye na cheo aliweza kusema: mtoto wangu anadaiwa gramu hizi. Lakini mwaka 2013, katika jimbo la Bihar, watoto 23 walikufa kwa chakula cha shule kilichoingiwa na dawa ya kuua wadudu. Baada ya msiba huo serikali ilisisitiza kwamba watu wazima, mwalimu akiwemo, waonje kwanza kabla ya watoto. Gramu peke yake hazikutosha. Ilibidi ijulikane pia chakula kimepita mikononi mwa nani.

Kwetu Congo, jina linalojulikana zaidi katika chakula cha shule ni PAM, Mpango wa Chakula Duniani. Mgao wake wa shuleni mara nyingi huzunguka gramu 150 za nafaka, gramu 30 au 40 za maharagi au mbaazi, mafuta yaliyoongezwa vitamini na chumvi yenye iodini. Namba hizo zina mizizi katika historia yote hii, na mzazi yeyote anaweza kuzitumia.

Hesabu yake ni ya darasa la nne. Shule yenye watoto 400, ikiwa kila mmoja anastahili gramu 40 za maharagi makavu, inapaswa kutoa kilo 16 katika depo siku hiyo. Zikitoka kilo 8, kila mtoto amepata nusu, hata kama mchuzi umejaa hadi ukingoni. Daftari linahitaji mistari michache: tarehe, idadi ya watoto waliokula, kilo za kila chakula zilizotoka, aina ya unga, jina la aliyepima na jina la aliyeonja. Komite ya wazazi ikilisoma daftari hilo kila wiki, na ndani ya komite wakiwemo wazazi waliokimbia vita pamoja na wenyeji, chakula kina walinzi.

Shule isiyo na mizani inaweza kupima mara moja kwa mizani ya sokoni, ijue kopo moja linabeba gramu ngapi za maharagi, kisha iandike namba hiyo ukutani jikoni. Kuanzia hapo mama anayepita na ndoo ya maji anaweza kuhesabu makopo yanayoingia katika sufuria.