Watoro na Hukumu ya Zama Zao

Kila yatajwapo mambo ya utumwa wa Mwambao wa Afrika Mashariki, hakosekani mtu wa kusema kuwa si haki kuwahukumu wazee wa kale kwa mizani ya leo. Wao, husemwa, waliishi katika zama ambazo kununua mtu hakukuwa aibu. Sheria iliruhusu, na mpaka mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi mchana kweupe. Neno hili lina uzito, wala halifai kutupwa kwa pupa. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili kabla ya kufa kwake Unguja mwaka 1905. Katika masimulizi yale hutaja pembe, deni, safari na vita kwa utulivu wa mfanyabiashara asiyeona la kujitetea. Msomaji amtakaye afikiri kama mtu wa leo hatamfahamu kamwe.

Walakini hoja hiyo ina pengo kubwa. Ikisemwa kuwa watu wa zama zile hawakuona ubaya wa utumwa, yapasa kuuliza: watu gani? Mtumwa naye alikuwa mtu wa zama zile. Jua lililomchoma shambani lilikuwa la zama zile, na mawazo yake juu ya hali yake hayakungoja kuletwa na vitabu vya karne nyingine. Ahesabiwapo mwenye shamba peke yake kuwa ndiye wakati ule, mtumwa hunyang'anywa utu wake mara ya pili.

Wengi wao hawakuacha maandiko, lakini vitendo vyao vinajulikana. Mwaka 1873 watumwa wa mashamba ya miwa ya Kikogwe, karibu na Pangani, waliasi, na waliotoroka wakajenga makazi yao wenyewe. Wengine walikimbilia Witu, wengine Fuladoyo katika nchi ya Wagiriama, na wengine misheni ya Rabai nyuma ya Mombasa. Ilipofika mwaka 1888 watoro waliokuwa katika misheni za upande huo walizidi 1,400, na Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki ikalazimika kuwalipa mabwana fidia ili watu hao wapewe hati za uhuru. Neno lenyewe mtoro, ambalo leo huitwa mtoto akimbiaye shule, ni neno la mwenye mali. Mtu hukimbia msituni, penye njaa na hatari ya kukamatwa, kwa sababu amekwisha kutoa hukumu yake.

Hata mabwana hawakuwa gizani kabisa. Dini yao iliwafundisha kuwa kumwacha mtumwa huru kuna thawabu, na wako walioandika uhuru wa watumwa wao katika wasia. Ajuaye kuwa uhuru ni zawadi njema ya kumpa mtu siku ya kufa, hujua pia kuwa maisha yote alikuwa amemnyima kitu.

Ukoloni nao hutetewa kwa maneno yale yale, na jibu lake ni lile lile. Leopold wa Ubelgiji aliikaribisha mataifa Brussels mwaka 1889 kushauriana juu ya kukomesha biashara ya watumwa, na hali miaka miwili nyuma serikali yake ya Kongo ilikuwa imemfanya Tippu Tip huyo huyo kuwa liwali wake katika Maporomoko ya Stanley. Mwaka 1890 George Washington Williams, Mmarekani Mweusi aliyeizuru Kongo, alimwandikia mfalme huyo barua ya wazi kumshitaki kwa dhuluma alizoziona. Hiyo haikuwa mizani ya leo. Upande wa kusini, watu wa Matumbi walipong'oa pamba ya Wajerumani mwaka 1905, nao hawakungoja wajukuu waje kuwaambia kuwa kazi ya kulazimishwa ni dhuluma.

Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya tarehe 6 Aprili 1897, iliyotolewa chini ya ulinzi wa Waingereza, husifiwa kuwa ndiyo iliyofuta utumwa Unguja na Pemba. Kwa kweli haikumfungulia mtu kamba papo hapo. Mtumwa alitakiwa aende mahakamani kuuomba uhuru wake, tena aonyeshe mahali pa kukaa na njia ya riziki, asije akahesabiwa mzururaji. Fidia alipewa bwana. Masuria hawakuingizwa katika amri hiyo, wakabaki hivyo hadi mwaka 1909. Wapinzani wa utumwa nchini Uingereza waliilaumu serikali yao kwa amri hiyo mwaka ule ule wa 1897, wino wake haujakauka bado.