Mapambo ya uzi na katani baada ya mavuno: jinsi ya kuyatengeneza nyumbani bila kula hasara

Mahindi ya masika yakishavunwa na kuanikwa, Handeni na Korogwe tunaingia msimu mwingine: msimu wa shughuli. Mwisho wa wiki haupiti bila harusi, sendofu, ngoma au maulidi. Kila shughuli inataka mapambo, na mapambo ya kukodi yanakula fedha ambayo mwenye shughuli angependa iende kwenye mchele.

Huenda na wewe, msikilizaji, umekutana kwenye simu na picha za maboga ya uzi na vishada vya rangi ya chungwa. Picha hizo nyingi zinatoka Ulaya na Marekani. Huko, kuanzia Septemba hadi Novemba majani hugeuka rangi na kupukutika, na watu hupamba nyumba kwa rangi za mavuno. Sisi majira hayo hatuna. Lakini mavuno tunayo, maboga tunayo, na uzi tunao wa aina mbili: wa dukani na wa mkonge.

Makala hii inaeleza namna ya kutengeneza mapambo hayo kwa mkono, na namna ya kupiga hesabu ukitaka kuyauza.

Ujue uzi ulioushika

Uzi mwingi wa kufumia unaouzwa madukani huitwa sufu, lakini si manyoya ya kondoo. Ni uzi wa plastiki. Si mbaya: ni mwepesi, una rangi nyingi na bei yake inavumilika. Ila ni vizuri ujue umenunua nini.

Kata kipande kifupi kama urefu wa kidole, kishike kwa koleo juu ya sinia la bati, kisha kiwashe. Kikiyeyuka na kuacha kijiwe kigumu, hiyo ni plastiki. Kikiungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini, hiyo ni pamba. Kikinuka kama nywele zilizoungua, hiyo ndiyo sufu ya kweli.

Kwa vishada na mipira, uzi wa plastiki unafaa. Kwa kufungia na kutundika, tumia uzi wa pamba ulio imara au kamba ya katani, kwa sababu uzi wa plastiki huvutika na fundo lake hulegea.

Katani, uzi wa kwetu

Mkonge si mmea wa asili ya hapa. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Kutoka kwenye miche hiyo michache yakatokea mashamba makubwa ya Tanga, yakiwemo ya Korogwe kama Hale, Magoma na Ngombezi. Kufikia miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani kwa kuzalisha mkonge.

Katika kila kilo 100 za majani ya mkonge, singa ni kilo 3 hadi 4 tu. Ndiyo maana kazi ya kuzitoa hufanywa na mashine ya korona. Kwa mapambo ya nyumbani huhitaji korona. Majani kumi yanatosha kuanzia.

Majani ya shamba la mtu si ya bure. Nunua kwa mkulima, au tumia mkonge uliopandwa kwenye mpaka wa kiwanja chako. Kisha fanya hivi:

1. Kata mwiba wa ncha kwanza. Maji ya mkonge yanawasha ngozi, kwa hiyo vaa glavu au funga mikono kwa mifuko ya nailoni. Watoto wakae mbali.
2. Pasua jani kwa urefu, vipande vya upana wa vidole viwili. Pondaponda kwa kipande cha mti hadi nyama ilegee.
3. Laza kipande juu ya ubao na kikwangue kwa upande butu wa panga, ukivuta kuelekea nje ya mwili wako. Nyama itatoka, singa zitabaki.
4. Osha kwa maji mengi na sabuni hadi povu lisiwe la kijani. Anika juani siku moja, kisha zichane kwa kitana cha meno mapana.

Kama kazi hiyo ni nzito kwako, nunua kamba ya katani dukani na uifumue.

Kutia rangi

Wanaosuka mikeka wanaijua kazi hii, kwa sababu ni ileile ya kuchemsha ukindu. Rangi ya unga inayouzwa kwa ajili ya ukili inafaa pia kwa katani. Tumia sufuria kuukuu ambayo haitarudi kupikia chakula. Loweka singa kwanza, tia rangi na kijiko kikubwa cha chumvi kwenye maji yanayochemka, zamisha singa na uziache kwenye moto mdogo nusu saa. Ziache zipoe humohumo. Suuza hadi maji yawe meupe, kisha anika kivulini.

Kwa rangi za mavuno bila kununua unga, maganda makavu ya vitunguu maji hutoa rangi ya dhahabu inayoelekea kahawia, na majani ya chai hutoa kahawia. Binzari ya manjano hutoa njano nzuri, lakini jua huififisha haraka. Itumie kwa mapambo ya ndani.

Usiruke jaribio la mwisho: chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, kisugue kwenye uzi au singa kwa nguvu. Kikitoka na rangi, suuza tena. Fanya hivyo hata kwa uzi wa dukani. Mimi mwenyewe niliwahi kufunga vishada vyekundu kwenye kitambaa cheupe cha meza kuu, katika sendofu ya mtoto wa shangazi. Soda ilimwagika, rangi ikatembea, na picha zote za kukata keki zina doa lile hadi leo. Shangazi bado ananikumbusha.

Pambo la kwanza: kishada

Kata kadibodi yenye urefu wa sentimita 10. Zungushia uzi mara 30. Pitisha uzi wa pamba chini ya mizunguko upande wa juu, funga kwa nguvu mafundo mawili na uache mkia wa kutundikia. Kata mizunguko yote upande wa chini. Shuka sentimita 2 kutoka juu, zungushia uzi mwingine mara tano na ufunge, kishada kipate shingo. Nyoosha ncha kwa mkasi.

Katani inapendeza sana hapa, kwa sababu singa husimama zenyewe bila kulegea.

Pambo la pili: mpira wa manyoya

Zungushia uzi kwenye vidole vinne mara 100, bila kukaza hadi damu isimame. Pitisha uzi wa pamba katikati, baina ya kidole cha kati na cha pete, uzunguke mizunguko yote. Toa vidole taratibu, kaza na funga mafundo mawili. Kata mizunguko pande zote mbili, kisha uupunguze mpira kwa mkasi hadi uwe duara.

Mpira ukinyofoka manyoya, kosa liko kwenye fundo la katikati. Lazima likaze hadi uzi ujikunje. Omba mtu akuwekee kidole unapofunga.

Pambo la tatu: boga

Chukua kile kiini cha kadibodi kinachobaki tishu ya chooni ikiisha, ukikate nusu upate pete mbili. Kila pete ni boga moja. Pitisha uzi wa rangi ya chungwa ndani ya pete, utoe nje na uurudishe tena ndani, hadi kadibodi isionekane. Mistari ya uzi itajipanga kama mikunjo ya boga. Chomeka katikati kipande cha bua la mahindi kiwe kikonyo, na funga uzi wa kijani kwenye shina lake. Maboga matatu ya ukubwa tofauti kwenye ungo wenye mahindi makavu yanatosha kupamba meza.

Kuyaunganisha

Chukua kamba ya katani ya mita 2. Funga mipira 6 na vishada 6 kwa kupokezana, kila baada ya sentimita 15. Ncha zitakazobaki ni za kutundikia kwenye msumari au nguzo ya turubai. Kamba moja hutumia uzi wa mita 160 hivi: mipira mita 120, vishada mita 36, na kidogo cha kufungia. Urefu wa uzi huandikwa kwenye karatasi inayozunguka donge. Soma mita, usisome uzito peke yake.

Neno moja kuhusu zile picha za mtandaoni. Wenzetu hutundika mlangoni duara la majani na uzi. Hapa kwetu duara la namna hiyo linafanana na shada la maua la msibani. Ukilitundika, jirani anaweza kuja kuuliza nani ametutoka. Tundika kamba ndefu juu ya mlango, inatosha.

Hesabu kabla ya kuuza

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Anayetengeneza huhesabu uzi tu, akasahau nauli na saa zake. Tuchukue mfano, na wewe uweke bei za kwako:

- Uzi madonge mawili: shilingi 4,000
- Kamba na uzi wa kufungia: shilingi 500
- Nauli ya kwenda dukani 3,000, ukigawa kwa kamba 6: shilingi 500
- Muda wako saa 4, kila saa shilingi 1,000: shilingi 4,000

Jumla ni shilingi 9,000 kwa kamba moja. Ukiiuza 6,000 utaona fedha mkononi na kudhani umepata, kumbe umefanya kazi saa nne kwa shilingi 1,000. Ukishindwa kupata bei hiyo, njia ni kupunguza gharama: tumia katani badala ya uzi wa dukani, au mnunue uzi kwa pamoja watu watatu na kugawana nauli. Njia nyingine ni kukodisha. Kamba ileile ikikodishwa mara tano kwa 3,000 inaingiza 15,000, na bado ni yako.

Tahadhari na utunzaji

Uzi wa plastiki huyeyuka na kuganda kwenye ngozi ukishika moto, na katani kavu huwaka haraka. Usitundike karibu na kibatari, mshumaa au jiko la mkaa. Kamba ndefu zisiachwe mahali mtoto mchanga anapolala au kuchezea.

Shughuli ikiisha, kung'uta vumbi, anika kivulini, na hifadhi kwenye kiroba safi mahali pakavu. Katani ikikaa na unyevu huota ukungu na kunuka. Ukitunza hivyo, mapambo ya mavuno ya mwaka huu yatakuwepo mahindi ya mwakani yakirudi kutoka shambani.